Jasho letu linalala mu dosie gani? Uhakiki wa mpangilio wa Cobbler



Kila mmoja wetu anamjua mwanafunzi aliyepoteza TFC yake. Si kwamba hakufanya kopi. Alifanya. Alichukua dosie nzima ya Documents, akaiweka ku fleshi, akalala usingizi. Siku mashini ilikufa, akafungua fleshi na kukuta CV, barua za staji na picha za kolasyo. TFC haikuwamo. Ilikuwa ku Bureau, palepale alipoianzisha siku ya kwanza, na Bureau haiko ndani ya Documents. Sisi tunamcheka, tunasema hana akili. Mimi pia nilicheka, mpaka siku yangu ikafika.

Yangu haikuwa TFC. Ilikuwa seva, na programu iliyokuwa ndani yake inaitwa Cobbler. Kwa hiyo leo sihakiki kitabu wala filamu. Nahakiki kitu ambacho wengi hawajui kama kinaweza kuhakikiwa: mpangilio wa dosie, yaani namna programu inavyogawa vitu vyake mu diski siku unapoiweka. Kuna watu waliokaa wakaamua: hiki kitakaa hapa, kile kitakaa kule. Uamuzi ule unakufundisha nini ni cha kulinda na nini ni cha kutupa. Unaweza kukufundisha vizuri ao vibaya.

Mtauliza agronome anatafuta nini mu seva. Kiisha lisansi nilipata kazi kwa shirika moja lenye chumba cha mafunzo, mashini 18. Aliyeanzisha seva alikuwa amekwenda zake, na mimi njo nilikuwa najua Linux kidogo, juu ya R na QGIS nilizotumia kwa TFC. Wakaniambia: "Weye utaangalia ile kitu." Kwetu kazi inakuja hivyo. Hakuna aliyekuuliza kama ulisoma informatike.

Kwanza, Cobbler ni nini? Ni programu ya kuwekea mashini nyingi mfumo wao bila kuzunguka na DVD kwa kila moja. Ilianza mu miaka ya 2000, kazi ya Michael DeHaan alipokuwa Red Hat. Huyo huyo njo alianzisha Ansible nyuma yake. Si kitu cha mchezo. Spacewalk, mfumo wa kuongoza seva nyingi mu kampuni kubwa, ilimtegemea Cobbler kwa kazi hii, na SUSE Manager ikarithi njia ile ile. Jina lake kwa Kiswahili ni fundi viatu.

Kazi yake iko hivi. Unawasha mashini tupu. Inauliza mu rezo: mimi ni nani? DHCP inaijibu kwa kuipa anwani na kuielekeza kwa seva. Mashini inachukua kwa TFTP kipande kidogo cha kuamkia, kiisha inachukua kiini cha Linux. Kiisha inasoma fishie ya majibu. Fishie ile inajibu mbele ya wakati yale maswali yote ambayo wewe ungejibu kwa mkono: lugha gani, klavie gani, diski igawanywe namna gani, programu zipi ziwekwe. Paketi zenyewe zinatoka palepale ku seva, kwa HTTP. Kwetu hilo ni jambo kubwa. Mashini 18 zinajazwa bila kula mega hata moja ya intaneti. Nalisema mapema kusudi mtu asidhani nimekuja kutukana programu. Ilinisaidia sana.

Sasa mpangilio wake. Nachukua ule wa Cobbler 2.8 ku CentOS 7, juu njo nilioishi nao. Mu /etc/cobbler kuna fishie ya settings, modules.conf, users.digest yenye watumiaji, na violezo kama dhcp.template. Mu /var/lib/cobbler kuna config, yenye kumbukumbu za mifumo, profili na mashini. Kuna kickstarts, zile fishie za majibu. Kuna snippets, vipande vidogo unavyochomeka ndani ya majibu. Kuna triggers, skripti za kuendeshwa mbele ao nyuma ya tukio fulani. Na kuna loaders, vipande vya kuamkia. Mu /var/www/cobbler kuna ks_mirror, kopi za DVD nzima, na repo_mirror, kopi za akiba za paketi. Mu /var/lib/tftpboot kuna kile mashini zinachokichota zinapoamka. Mu /var/log/cobbler kuna kumbukumbu za matukio.

Kwa kupima mpangilio wowote mimi nauliza maswali matatu. Nimeyatoa mu depo ya mbegu, si mu kitabu cha informatike. La kwanza: nini humu kimetoka mu mkono wa mtu, kikipotea hakirudi? Ile ni mbegu mama. La pili: nini humu mashini inaweza kukiotesha tena yenyewe kutoka mu kile cha kwanza? Ile ni miche. La tatu: nini humu kimeletwa kutoka inje, kizito, lakini kinaweza kuletwa tena? Ile ni mifuko ya mbolea. Depo nzuri haichanganyi hivi vitatu. Akiingia mgeni na moshi umeanza kutoka, anapaswa kujua bila kuuliza ni kasha gani atalikimbiza mlangoni.

Kwa swali la pili, Cobbler amefanya vizuri sana, tumpe haki yake. Kila kitu kilicho mu tftpboot ni miche. Unaandika `cobbler sync`, anafagia dosie zake mule ndani na kuzijenga upya kutoka mu kumbukumbu na violezo. Mara ya kwanza niliogopa. Nilikuwa nimeandika kwa mkono mistari miwili mu pxelinux.cfg, nikafanya sync, mistari ikapotea. Nilikasirika siku moja. Ya pili nikaelewa kwamba ananifundisha: hapa si mahali pako, weye andika kule kunakotoka mbegu, mimi nitaotesha. Ni nidhamu nzuri. Ata diski yenye tftpboot ikichomeka, hakuna aliyelia.

Kingine kizuri: kumbukumbu za Cobbler ni fishie za maandishi, JSON. Kila mashini iko na fishie yake mu /var/lib/cobbler/config/systems.d. Unaifungua na kihariri cha kawaida, unaona jina, anwani ya kadi ya rezo, profili. Hakuna database ya kufungua na funguo kumi. Mtu ambaye hakusomea kazi hii anaweza kusoma na kuelewa. Mimi nilielewa.

Na snippets nazo ziko na akili. Ukitaka kipande kimoja kibadilike kwa mashini moja tu, unakiweka mu per_system. Kwa profili moja, per_profile. Kwa mfumo mmoja, per_distro. Cobbler anatafuta kwanza mu per_system, kiisha per_profile, kiisha per_distro, na mwisho mu kile cha wote. Hapo dosie yenyewe njo inasema sheria. Huhitaji kusoma kurasa nyingi.

Sasa shida. Rudini ku swali la kwanza, mbegu mama iko wapi? Ukimuuliza mtu yeyote wa Linux ni dosie gani ya kulinda, atakujibu haraka: /etc. Ni mazoea ya miaka mingi, na haikuwa mazoea tu. Kuna waraka unaoitwa Filesystem Hierarchy Standard, FHS kwa kifupi. Mzizi wake ni wa 1994, na toleo la 3.0 lilitoka 2015 chini ya Linux Foundation. Waraka ule unasema /etc ni pa mipangilio ya mashini hii. Unasema /var/lib ni pa hali ya programu, vitu ambavyo programu inajiandikia inapofanya kazi. Na unaongeza neno moja la wazi: mtumiaji asilazimike kamwe kubadilisha fishie mu /var/lib kwa kupanga namna programu itafanya kazi.

Kamwe. Lakini kwa Cobbler, kazi yako yote ya kichwa iko mule. Fishie za majibu njo moyo wa mambo. Mule njo niliandika klavie ya Kifaransa, kugawa diski kusudi data za wanafunzi zisifutwe, QGIS na R ziwekwe toka ku kopi yetu ya ndani, printa ya ofisi itambulike. Miezi mitatu ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena. Yote ilikuwa mu /var/lib/cobbler/kickstarts na mu /var/lib/cobbler/snippets.

Na ona kinyume chake. Ukimwachia Cobbler aongoze DHCP, anaandika /etc/dhcp/dhcpd.conf. Fishie ile iko mu /etc, lakini si yako. Inatengenezwa kutoka mu dhcp.template kila unapofanya sync, na ndani yake kuna onyo: usiandike hapa, maandishi yako yatafutika. Kwa hiyo mu /etc kuna mche, na mu /var/lib kuna mbegu mama. Mtu aliyejifunza vizuri desturi za Linux anaingia hapa na kupotea, na anapotea kwa sababu alijifunza vizuri.

Sasa niwaambie siku yangu. Kila Ijumaa nilikuwa ninabeba /etc nzima ku fleshi. Nilijiona mtu wa mpango. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, na asubuhi moja diski ilikataa. Niliweka diski mpya, nikaweka CentOS, nikaweka Cobbler, nikarudisha /etc/cobbler yangu. Programu iliamka bila neno. Nikaandika `cobbler system list`, ikanijibu kimya kabisa. Hakuna mashini hata moja. Nikafungua kickstarts: zilikuwamo sample_end.ks, sample.seed na ndugu zao, zile zinazokuja na paketi. Zangu hapana. Snippets vilevile: network_config ya watu wote iko, zangu haziko. Nilirudisha mipangilio ya mlango, lakini nyumba ilikuwa tupu.

Ilinichukua siku tano kurudisha kile nilichokumbuka. Nilitembea mashini kwa mashini, 18, nikiandika ku karatasi anwani za kadi za rezo. Kuna mambo ya kugawa diski ambayo sikukumbuka mpaka leo, nikaandika mengine. Wanafunzi walingojea. Mkubwa wangu aliniuliza: "Si ulisema unafanya kopi?" Nilimjibu ndiyo, nilifanya. Haikumsaidia kitu, ata mimi haikunisaidia.

Je, lile lilikuwa kosa langu? Ndiyo, nusu. Mwongozo wa Cobbler unasema wazi fishie ziko wapi, na mimi mwenyewe njo nilikuwa naziandika mule kila siku. Ningefikiri dakika tano, ningeona. Lakini mpangilio mzuri ni ule unaomwokoa mtu ambaye hakufikiri dakika tano. Njo kazi yake. Alama mu depo haiwekwi kwa mwenye depo, anajua tayari. Inawekwa kwa yule atakayeingia usiku.

Nataka kuwatendea haki watungaji, juu wako na jibu, na jibu lao si la kijinga. Watasema: fishie hizi za majibu haziandikwi na mtu peke yake. Ukitumia ukurasa wa Cobbler mu navigateri, ni programu yenyewe inayoziandika kwa niaba yako. Na FHS inataka /etc iwe ya fishie zilizotulia, si za programu kuchezea. Kwa hiyo, watasema, kitu ambacho programu inakiandika ni hali yake, na hali inakaa mu /var/lib. Kwa kumbukumbu za mashini nakubali kabisa. Systems.d mahali pake ni pale, juu ninaziandika kwa amri za Cobbler, si kwa mkono wangu.

Lakini kwa fishie za majibu jibu lile halitoshi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, dosie ile ile imechanganya zangu na zile zilizokuja na paketi. Sample_end.ks ni ya watungaji, inaweza kuletwa tena kesho. Yangu haiwezi. Kuzilaza kitanda kimoja kunanipa mimi kazi ya kukumbuka ipi ni ya nani. Tazama systemd ilivyofanya: za watungaji ziko mu /usr/lib/systemd/system, zako ziko mu /etc/systemd/system, na zikigongana yako njo inashinda. Ukitaka kujua mtu amebadilisha nini mu mashini ile, unatazama dosie moja. Cobbler angeweza kuacha mifano yake mu /usr/share na kuniachia mimi dosie yangu, ata kama ingekuwa mu /var/lib, lakini yangu peke yangu.

Sababu ya pili ni kwamba watungaji wenyewe wanajua. Mu settings kuna swichi inaitwa scm_track_enabled. Ukiiwasha, kila badiliko linatunzwa na git. Na inatunza nini? Inaingia mu /var/lib/cobbler na kuchukua dosie tatu: kumbukumbu, fishie za majibu, na snippets. Hizo hizo tatu! Si loaders, si vitu vingine. Yaani kuna mtu mu timu yao aliyekaa akauliza swali langu la kwanza, nini hapa ni jasho la mtu, na akapata jibu sawasawa. Kiisha jibu lile wakalificha nyuma ya swichi ambayo inakuja imezimwa. Kwangu hilo njo lawama kubwa kuliko zote. Kama mnajua mbegu mama ni ipi, mwaandikie mtu juu ya mlango.

Lawama ya pili ni ya mizigo, ile mifuko ya mbolea. Kopi za DVD ziko mu /var/www/cobbler. DVD kubwa ya CentOS 7, ile ya Everything, inakaribia GB 10. Ukiweka matoleo mawili na kopi ya paketi za nyongeza, umefika mbali. Sasa CentOS 7, ukiiacha ijigawie diski yenyewe, inaipa mizizi ya mfumo GB 50 tu, na diski yote inayobaki inaenda ku /home. Na /var iko ndani ya zile GB 50. Kwangu ilijaa. Mu /home kulikuwa GB mamia zimelala bure, na huku Cobbler anashindwa kuandika ata mstari mmoja wa kumbukumbu. Mizigo ya kubebwa tena ilibana pumzi ya vitu vidogo vya thamani, kwa sababu vyote vilikuwa chumba kimoja.

Utasema: badilisha mahali. Mu settings kuna webdir, andika njia mpya. Hapa njo nilicheka peke yangu. Mwongozo wa Cobbler wenyewe unakuambia kwamba swichi ile ipo, lakini si njia nzuri, juu paketi inaleta vitu vingine mu njia ya zamani na siku ya kupandisha toleo vitavunjika. Wanashauri uhamishe dosie nzima mahali pengine na uweke kiungo cha kuelekeza pale ilipokuwa. Yaani mlango umechorwa ku ukuta, na mwenye nyumba anakuambia upitie dirishani. Dirisha linapitika, nilipita, kazi ikaendelea. Lakini mlango usiofunguka ungeondolewa tu. Na FHS iko na /srv tayari kwa vitu seva inavyogawia wengine. /Var/www haimo hata mu waraka ule, ni mazoea. SUSE wanatumia /srv, na ku mashini zao Cobbler anakaa mu /srv/www/cobbler. Kwa hiyo inawezekana.

Lawama ya tatu ni ndogo, naipita haraka. Toleo la 3 lilibadilisha majina: kickstarts ikawa templates, config ikawa collections, ks_mirror ikawa distro_mirror. Sababu ni nzuri, kwani kickstart ni neno la Red Hat, na Cobbler anaweka pia Debian, Ubuntu na SUSE. Jina jipya ni la kweli zaidi. Lakini kwa sisi tunaojifunza kwa PDF zilizokopiwa ku fleshi ya mwenzetu, kila njia ya zamani imekuwa kosa. Kuna skripti ya kuhamisha data. Haihamishi PDF zetu. Na niseme wazi: walipopata nafasi ya kubadilisha majina, hawakubadilisha mahali. Templates bado iko mu /var/lib/cobbler. Walipaka mlango rangi mpya, kasha la mbegu likabaki katikati ya miche.

Kwa kulinganisha kidogo: Foreman, ambayo Red Hat iliichukua kwa Satellite 6, iko na njia nyingine. Violezo vyake vinakaa mu database, PostgreSQL. Hapo hutachanganya dosie, juu hakuna dosie. Ukichukua kopi ya database umebeba violezo na kumbukumbu za mashini kwa mara moja. Lakini huwezi kufungua dosie na kusoma. Lazima programu iwe hai, ao ujue kuongea na database. Kwa mtu anayejifunza peke yake usiku, mshumaa ukiwaka, Cobbler ni mwalimu bora: vyote vinaonekana. Njo maana makosa yake yananiuma. Anafungua nyumba yote, uone kila kitu, lakini hakuambii kitu gani ni cha nani.

Hukumu yangu basi. Kwa miche, Cobbler apate alama za juu. Kwa mizigo, alama ya kati, juu dirisha linapitika. Kwa mbegu mama, ameanguka, na anguko lile halilipwi na yeye. Linalipwa na yule aliyeajiriwa jana, asiye na diski ya pili, asiye na mwenzake wa kumuuliza. Mu kampuni kubwa wana mashine za kukopia diski nzima kila usiku, kwao /etc ao /var/lib haina tofauti, yote imebebwa. Sisi tunaobeba akiba ku fleshi moja ya GB 8 njo tunalazimika kuchagua, na anayelazimika kuchagua njo anahitaji mpangilio unaosema kweli.

Kwa aliye na Cobbler mkononi leo, bebeni hivi kila wiki: /etc/cobbler nzima na /var/lib/cobbler nzima. Yote ni maandishi mengi na vipande vidogo vya kuamkia. Ku fleshi hamtahisi uzito. Muwashe ile swichi ya git. Muandike ku karatasi DVD zipi mliingiza na toleo gani, kiisha muache /var/www/cobbler ibaki, haina haja ya kubebwa. Tftpboot msiiguse kabisa, sync itaijenga. Na fleshi ile muifungie mahali, juu mu settings kuna neno la siri la mizizi: limesokotwa, lakini ni siri bado. Kiisha fanyeni kitu ambacho mimi sikufanya: mchukue mashini ya zamani, murudishe kopi ile, mutazame kama `cobbler system list` inajibu. Kopi ambayo haijarudishwa hata mara moja bado hamjui kama ni kopi.

Neno la mwisho ni kwa wasio na seva, walio wengi hapa. Mtapewa kazi mliyorithi kwa mtu: rejista ya shamba, kasha la ofisi, Excel ya mradi, mashini ya daktari. Ule mpangilio utawakuta umekwisha kuamuliwa, na utajifanya kama ndivyo dunia ilivyo. Msiukubali bila kuuliza yale maswali matatu. Nini humu kikipotea hakirudi? Nini kinaota tena? Nini kinanunuliwa tena? Siku ya kwanza ya kazi, mbele ya kugusa kitu chochote, tafuteni jibu la lile la kwanza, muliandike ku karatasi, mulibandike ku ukuta. Mimi yangu iko ku ukuta sasa. Mstari wa kwanza unasema: /var/lib/cobbler.